Shahada ya uzamili ya utawala wa huduma za afya: nani asome, wapi, na kwa faida gani

Dawa ikikosekana zahanati, lawama humwangukia muuguzi aliyeko dirishani, kwa sababu yeye ndiye anayeonekana. Lakini dawa ile ilitakiwa kuhesabiwa wiki kadhaa kabla, fomu ya maombi ijazwe, fedha zithibitishwe benki, gari lipatikane, na mtu asaini kwamba maboksi yaliyofika ndiyo yaliyoagizwa. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, mama aliyetembea kutoka kitongojini akiwa na mtoto mwenye homa anarudi na karatasi ya kwenda kununua dukani. Kazi ya kuutunza mnyororo huo usikatike ndiyo tunayoiita utawala wa huduma za afya, na inasomewa hadi ngazi ya shahada ya uzamili, ile ambayo wengi wetu huiita masta.

Maswali kuhusu shahada hii hutufikia kutoka Makambako, kutoka Njombe mjini, na hadi Ludewa kwenye vijiji vilivyo jirani na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Anayeuliza mara nyingi ni muuguzi au tabibu aliye kazini. Wakati mwingine ni mzazi ambaye kijana wake amemaliza chuo na bado hajapata ajira. Swali lao ni moja: nikiisoma, nitapanda? Jibu linategemea ulianzia wapi na umeajiriwa kwa kada gani, na wengi hulijua hilo baada ya kulipa ada. Tunaliandika hapa ili ulijue kabla.

Kazi yenyewe

Katika utumishi wa umma Tanzania kuna kada inayoitwa Katibu wa Afya. Wengi tukisikia katibu tunafikiria mtu wa kuandika barua. Siyo huyo. Katibu wa Afya ndiye anayeratibu shughuli za utawala katika hospitali, halmashauri au mkoa: ikama ya watumishi, bajeti, majengo, magari, vifaa, mikataba ya usafi na ulinzi, vikao vya bodi na kamati. Mganga Mfawidhi anaongoza hospitali kama daktari; Katibu wa Afya anahakikisha daktari huyo ana watu, umeme, maji na vifaa vya kufanyia kazi. Mahali wanapoelewana, mgonjwa hajui hata kama kuna ofisi ya utawala. Mahali wasipoelewana, kila mtu anajua.

Matangazo ya ajira ya kada hii huhitaji shahada ya kwanza ya utawala katika huduma za afya, au ya usimamizi wa mifumo ya afya, kutoka chuo kinachotambuliwa na serikali. Zingatia maneno hayo, shahada ya kwanza. Tutayarudia chini, kwa sababu ndiyo yanayowaangusha wengi.

Nje ya serikali, kazi hii ina majina tofauti. Hospitali za mashirika ya dini ni nguzo katika mkoa wetu: Ilembula kule Wanging'ombe, Ikonda na Bulongwa kule Makete, Lugarawa kule Ludewa. Hospitali za namna hii huwa na msimamizi wa utawala na fedha, na kwa maoni yetu huyo ana kazi ngumu kuliko mwenzake wa serikali. Ingawa serikali huchangia kwa makubaliano maalumu na kwa kupeleka baadhi ya watumishi, sehemu kubwa ya matumizi inatakiwa itokane na ada za wagonjwa, bima na wafadhili. Akikosea hesabu miezi mitatu, mishahara inachelewa.

Wasomi wa Marekani walianza kuifundisha kazi hii kama taaluma ya uzamili zamani kidogo. Chuo Kikuu cha Chicago kilifungua programu yake ya utawala wa hospitali mwaka 1934, na programu nyingi zilizofuata duniani ziliiga mfano huo. Hata hivyo, somo lililotufaa zaidi sisi halikutoka Chicago. Lilitoka Rufiji na Morogoro.

Kilichotokea Rufiji na Morogoro

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, iliendesha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro. Swali lao lilikuwa rahisi kulieleza: je, halmashauri ikipanga fedha zake kufuatana na magonjwa yanayowaua watu wake hasa, itaokoa maisha zaidi? Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki na kwa sababu gani. Hawakutegemea kumbukumbu za hospitali peke yake, kwa sababu wengi wetu huko vijijini tulifia, na bado tunafia, nyumbani.

Walipolinganisha takwimu hizo na bajeti, wakakuta mambo ya kushangaza. Katika moja ya wilaya hizo malaria ilikuwa ikichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, lakini ilitengewa asilimia 5 hivi ya fedha za afya. Hakuna mtu aliyeiba fedha hizo. Bajeti ya mwaka jana ilinakiliwa tu ikawa ya mwaka huu, kama ilivyonakiliwa mwaka uliotangulia.

Timu za afya za wilaya zilipewa zana za kupanga, mafunzo ya uongozi na nyongeza ndogo ya fedha. Nyongeza waliyoweza kuitumia kweli haikufika dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka. Walihamishia fedha kwenye vyandarua, matibabu ya malaria na huduma ya pamoja ya magonjwa ya watoto. Katika miaka kama mitano, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hakukujengwa hospitali mpya kubwa wala hakukuletwa madaktari bingwa. Kilichobadilika ni namna ya kupanga fedha iliyopo.

Tunaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ndiyo sababu halali ya kusoma shahada hii. Mtu anayetaka barua mbele ya jina lake atachoka njiani. Anayetaka kujua kwa nini asilimia 30 ilipewa asilimia 5, na jinsi ya kuirekebisha bila kugombana na halmashauri nzima, huyo atamaliza.

Fedha zilipofika kwenye akaunti ya zahanati

Zamani fedha za zahanati zilikaa halmashauri. Mganga mfawidhi wa zahanati aliandika barua, akasubiri, akaandika tena. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo husika. Ni mageuzi makubwa kuliko yanavyosikika. Ghafla tabibu au muuguzi aliyesomea kutibu akawa na bajeti, vocha za malipo, daftari la fedha na mkaguzi atakayekuja kuuliza.

Kila kituo kina kamati ya usimamizi ambayo ndani yake wamo wanakijiji. Msikilizaji, inawezekana wewe ni mjumbe. Kamati inapitia mpango wa kituo, inahoji matumizi, inathibitisha dawa zilipopokelewa. Kwa hiyo utawala wa afya siyo jambo la mwenye shahada peke yake. Mjumbe mwenye elimu ya darasa la saba anayeuliza kwa nini kituo kimenunua mafuta ya jenereta mara mbili mwezi mmoja amefanya kazi ya utawala, tena vizuri.

Bima nayo imeongeza hesabu. CHF iliyoboreshwa ilipoanza, kaya ya watu hadi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Chukua kijiji chenye kaya 400. Zikijiunga zote, ni shilingi milioni 12. Zikijiunga kaya 60 tu, ni shilingi milioni 1.8, na kawaida hizo 60 ni zile zenye mgonjwa wa kudumu au mtoto anayeugua mara kwa mara, kwa hiyo gharama haipungui kwa kiasi ambacho michango imepungua. Mfuko unakauka, dawa zinakosekana, na waliojiunga wanakataa kulipia mwaka unaofuata wakisema kadi haina maana. Hapo mwanafunzi wa utawala wa afya anafundishwa kitu ambacho mama wa VICOBA anakijua tayari: ukiingiza wakopaji watupu bila wawekaji, kikoba kinakufa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inalenga tatizo hilohilo, kila mtu awe ndani, mzima na mgonjwa.

Ndiyo maana somo la uchumi wa afya lina uzito kwenye shahada hii. Mengine ni usimamizi wa fedha, usimamizi wa watumishi, ugavi wa dawa na vifaa, takwimu na epidemiolojia, sera na sheria za afya, na ufuatiliaji na tathmini. Waliozoea kujaza vitabu vya MTUHA wana faida hapa. Wanajua namba inatoka wapi na wapi huwa inapikwa.

Utawala wa afya na afya ya jamii

Wengi huchanganya shahada hii na ile ya uzamili ya afya ya jamii. Zinapakana, na kuna masomo yanayofanana, lakini hazijibu swali moja.

Mfano wa hapa kwetu ni UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, na Njombe ni asilimia 12.7, cha juu kuliko mikoa yote. Mtaalamu wa afya ya jamii atauliza kwa nini Njombe: nani anaambukizwa, katika umri gani, njia kuu zina mchango gani, mashamba ya chai na mbao yanaleta watu gani na kwa misimu ipi. Mtawala wa afya atauliza mengine. Kliniki za tiba na matunzo ziko ngapi, zina watumishi wangapi, wangapi kati yao wanalipwa na serikali na wangapi na miradi, vipimo vinafika lini, na mradi ukiondoka nani atabaki.

Swali hilo la mwisho liliacha kuwa la darasani Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuipitia upya. Popote ambapo huduma za VVU zilitegemea watumishi wa miradi, viongozi wa vituo walilazimika kupanga zamu upya kwa siku chache. Aliyekuwa na orodha kamili ya nani analipwa na nani alikuwa na pa kuanzia.

Ukipenda zaidi swali la kwanza, soma afya ya jamii. Ukipenda la pili, soma utawala au usimamizi wa mifumo ya afya. Usichague kwa sababu moja ina ada nafuu.

Wapi pa kusoma

Chuo kilichojijengea jina katika fani hii nchini ni Mzumbe. Kilianza mwaka 1953 kama mahali pa kufundishia machifu na maofisa wa serikali za mitaa wakati wa Mwingereza, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, mwaka 1972, na kikawa chuo kikuu mwaka 2001. Kina shahada ya kwanza na ya uzamili za usimamizi wa mifumo ya afya, na makatibu wa afya wengi wamepitia pale. Ukipanda basi Makambako kwenda Morogoro, Mzumbe utaipita kabla ya kufika Morogoro mjini. Chuo kina kampasi Mbeya na Dar es Salaam pia, lakini usidhani kila programu inafundishwa kila kampasi. Uliza kabla, kwa sababu tofauti ya Mbeya na Morogoro kwa mtu wa Makambako ni nauli, pango na idadi ya siku za kuonana na watoto.

Muhimbili, MUHAS, ambacho ni chuo kikuu kinachojitegemea tangu 2007, kina nguvu zaidi kwenye afya ya jamii, na waombaji wake wengi ni watu wenye taaluma za tiba. KCMC Moshi na Bugando Mwanza nako kuna uzamili wa afya ya jamii. Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kina vituo mikoani, na kwa asiyeweza kuacha kazi au familia kinafaa kuulizia programu zake za uongozi na utawala. Jirani zetu nao wapo: Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kule Nkozi kimefundisha usimamizi wa huduma za afya kwa muda mrefu, na Strathmore cha Nairobi kina uzamili wa biashara wenye mwelekeo wa huduma za afya.

Kwa vyuo vya nje, na hasa hivi vinavyotangaza kwenye simu kwamba unamaliza masta kwa miezi sita ukiwa nyumbani, simama kwanza. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayotambua shahada za nje. Anayekwenda kusoma nje anashauriwa kupata kwanza barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, na akirudi cheti chake kinapelekwa huko kutambuliwa. Cheti kisichotambuliwa hakikuongezei chochote mbele ya afisa utumishi, hata kiwe na muhuri wa dhahabu. Orodha ya vyuo vya ndani vilivyoidhinishwa iko kwenye tovuti ya TCU na inafunguka hata kwa simu ya kawaida yenye intaneti.

Sifa ya msingi ya kuingia ni shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7 kwenye kipimo cha 5, yaani daraja la pili la chini. Aliyepata daraja la kupita tu, kati ya 2.0 na 2.6, kwa kawaida huelekezwa kuanza na stashahada ya uzamili. Mwenye cheti au stashahada ya kawaida ya uuguzi au utabibu hawezi kuruka kwenda uzamili, hata awe na miaka ishirini kazini. Njia yake ni shahada ya kwanza. Maombi ya uzamili hupelekwa chuoni moja kwa moja.

Sasa muda. Kwa mfumo wa TCU, uzamili unahitaji angalau krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kusoma, ukiwemo muda wa darasani, wa kujisomea na wa utafiti. Jumla ni saa 1,800. Mtumishi anayebaki kazini akapata saa 15 kwa wiki atahitaji wiki 120, zaidi ya miaka miwili, bila kuhesabu wiki za mavuno na za misiba. Ukiambiwa programu ni ya miezi 18, piga hesabu hiyo kwa wiki zako wewe.

Kabla ya kulipa ada

Hapa ndipo watu wanapoumia, na tunaomba usome polepole.

Jambo la kwanza ni muundo wa maendeleo ya utumishi. Kila kada ina muundo wake unaosema nani anaajiriwa, kwa elimu gani, na anapandaje. Muuguzi akisoma uzamili wa usimamizi wa mifumo ya afya hageuki kuwa Katibu wa Afya siku anapoleta cheti. Kubadilishwa kada ni utaratibu wenye kibali chake, unahitaji nafasi iwe kwenye ikama, na unaangalia sifa za kuingilia kada mpya, ambazo kama tulivyosema zinataja shahada ya kwanza ya fani hiyo. Hata akikubaliwa, anaweza kuanzishwa kwenye cheo cha chini cha kada mpya. Vivyo hivyo, nafasi ya Mganga Mkuu wa Halmashauri ni ya daktari. Uzamili humsaidia daktari kuifikia, lakini haumfungulii asiye daktari.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu ya chuo, nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri ukamuulize mambo mawili: shahada hii iko kwenye muundo wa kada yangu? Na nikirudi nayo, nitakuwa nani? Majibu yapate kwa maandishi. Majibu ya kwenye korido hayana faili.

La pili ni kibali. Mtumishi anatakiwa awe amethibitishwa kazini, na masomo yake yawe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Anayeondoka kimyakimya akidhani ataeleza baadaye anahesabika mtoro, na utoro unaweza kumaliza ajira. Kumbuka pia kwamba zahanati nyingi za Ludewa zina watumishi wachache sana. Mmoja akienda masomoni, aliyebaki anazalisha usiku na kuchanja asubuhi. Mkurugenzi akichelewesha ruhusa, mara nyingi ndilo analolifikiria. Mwombaji anayekwenda kwake na pendekezo la nani ataziba pengo lake anasikilizwa zaidi.

La tatu ni fedha. Ada ya uzamili ni mamilioni kadhaa ya shilingi, na juu yake kuna malazi, nauli, kompyuta, ukusanyaji wa takwimu na uchapaji wa tasnifu. Mikopo ya Bodi ya Mikopo imelenga zaidi wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa hiyo usiitegemee. Kama bado unalipa mkopo wa shahada ya kwanza, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa tayari. Ukiongeza mkopo wa benki wa kulipia ada, kumbuka kanuni ya kwamba theluthi moja ya mshahara lazima ibaki. Wapo wanaofika chuoni mwaka wa kwanza na kukwama wa pili kwa sababu makato yamekula nauli. Mwajiri akikulipia, kwa kawaida utasaini mkataba wa kurudi kumtumikia kwa muda fulani. Usome kabla ya kusaini, hasa kifungu cha unachodaiwa ukiacha kazi mapema.

Na kuna wale ambao hawahitaji uzamili kabisa. Mganga mfawidhi wa zahanati anayetaka kuweza vocha, bajeti na maoteo ya dawa anaweza kupata anachohitaji kwenye kozi fupi. Iringa kuna Chuo cha Afya ya Msingi cha Wizara ya Afya, na Arusha kuna CEDHA, ambako viongozi wa afya wa halmashauri wamefundishwa uongozi na upangaji kwa miaka mingi. Wiki chache zilizotumika vizuri zinaweza kumfaa kuliko miaka miwili ya deni. Vyuo havitangazi hilo kwa sauti.

Tasnifu, na Mchuchuma

Masomo ya darasani wengi hufaulu. Wanapokwama ni kwenye utafiti. Mada inakuwa kubwa mno, takwimu hazipatikani, msimamizi hajibu, kazi inamwita, na mwaka unapita. Dawa ya kwanza ni kuchagua mada ndogo iliyo karibu na unapoishi, ambayo ungependa kujua jibu lake hata bila cheti.

Mkoa wetu una mada hizo tele. Makambako, pale Idofi, kuna kiwanda cha mipira ya mikono cha Bohari ya Dawa; mtu anaweza kuchunguza glavu zinachukua muda gani kutoka ghala hadi chumba cha kujifungulia cha zahanati iliyo kilomita chache kutoka kiwandani.

Na kuna Mchuchuma yenyewe. Makaa yake yanakadiriwa kufika tani milioni 428, na chuma cha Liganga tani milioni 126. Serikali kupitia NDC iliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011, mradi ukakaa miaka mingi bila kuanza, na mwaka 2023 wananchi waliopisha eneo walianza kulipwa fidia. Siku mgodi utakapoanza kweli, watu watamiminika Nkomang'ombe na vijiji vya jirani: madereva, mafundi, wauza chakula, vijana wa kubangaiza. Mgao wa fedha na dawa hutazama sana idadi ya watu, na idadi hiyo inatoka kwenye sensa ya mwaka 2022 na makadirio yake, ambayo hayamjui dereva atakayekuja. Zahanati iliyopangiwa wakazi wa kijiji itahudumia kambi. Vumbi la makaa, ajali, kifua kikuu na VVU vitafika kabla ya bajeti. Nani amepiga hesabu ya vitanda, ya gari la wagonjwa, ya nani atalipia mfanyakazi akiumia, mgodi, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi au zahanati ya kijiji? Mtu wa Ludewa anayesoma utawala wa afya leo angeweza kuifanya hesabu hiyo kuwa tasnifu yake, na halmashauri ikaikuta mezani siku inayoihitaji.

Atakayechagua mada ya namna hiyo aanze taratibu za vibali mapema. Chuo kinapitisha pendekezo na maadili ya utafiti. Utafiti unaohusu wagonjwa unaweza kuhitaji pia kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kisha barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Njombe, anayeiandikia wilaya na halmashauri, nayo inawaandikia vituo. Barua hizo zinaweza kuchukua wiki nyingi, na nakala ya kila moja utatakiwa uwe nayo mkononi unapofika kwa mganga mfawidhi na kwa mtendaji wa kijiji. Usipange kukusanya takwimu za Ludewa kwenye masika.